Mama Taarifa na Maji ya Rangi ya Chai

Ofisini walimwita Mama Taarifa, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Kila tangazo la shirika la maji la mji ule, maji yamekatika, maji yamerudi, maji yatakatika tena, lilipita mikononi mwake. Alianza kazi ya uhusiano enzi zile ambapo taarifa kwa umma ilikuwa ukurasa mmoja, nembo juu, muhuri chini. Aliiandika asubuhi, akaipandisha kwa mkurugenzi, mkurugenzi akabadilisha neno moja ili ionekane ameisoma, kisha yeye mwenyewe akaizungusha kwa miguu kwenye vyumba vya habari. Wahariri aliwajua mpaka watoto wao wanasoma wapi. Mmoja akitaka kuiweka taarifa pabaya, ukurasa wa matangazo ya vifo, alikuwa anakaa naye, wanakunywa chai, wanaelewana. Jioni redio inaisoma, kesho yake gazeti linaichapa, keshokutwa gazeti lenyewe limeshafungiwa karanga. Mambo yamekwisha.

Mitandao ilipoingia, alifurahi kuliko wote. Ndiye aliyefungua ukurasa wa shirika, akaweka picha za mitambo iliyopakwa rangi na wafanyakazi waliovaa kofia ngumu. Kisha watu wakaanza kujibu. Hapo ndipo alipong'amua kwamba miaka yote ile alikuwa akisema na watu wasio na mahali pa kumjibia.

Walijibu akiwa kazini, walijibu akiwa msibani, walijibu akiwa na tonge mkononi. Akaja mkurugenzi mpya ambaye kila asubuhi alisoma maoni ya watu kabla ya kusoma ripoti za mitambo. "Mama, tumetukanwa tena," alikuwa akimwandikia. "Jibu. Lakini kwa upole." Basi alijibu kwa upole. Alimjibu kwa upole mtu aliyemwita mchawi, akamjibu kwa upole aliyemwombea aoge kwa mate. Shingo ilianza kumuuma kwa kuinamia simu. Mumewe, fundi wa kushonea makochi, mtu wa maneno machache, alimtazama siku moja mezani akasema, "Nadhani hiyo simu ndiyo iliyokuoa. Mimi nilikuwa msindikizaji."

Alicheka, lakini hakuiweka chini.

Sasa, siku yenyewe ilianza kikaoni. Mkurugenzi aliingia na simu yake ameinyoosha mbele kama mtu aliyeokota nyoka. Akaipitisha kwa kila mmoja, video inacheza, sauti imezimwa. Kulikuwa na mkono, bomba la jikoni na glasi. Bomba likafunguliwa, glasi ikajaa maji ya rangi ya mkandaa, chai isiyo na maziwa, yenye vijichembe vinavyozunguka ndani.

"Ya zamani hii," mkurugenzi alisema. "Ya wakati wa yale mafuriko. Kuna watu wanataka kutuchafua. Mama, andika ipuuzwe."

"Tuwaulize kwanza mafundi wa mabomba?"

"Ukiuliza mafundi, saa nzima imekwenda. Saa nzima mtandaoni ni mwaka. Andika."

Zamani angesema naomba mpaka mchana. Angeshuka ghorofani, angempata mhandisi, angerudi na jambo lenye miguu. Lakini tangu alfajiri alikuwa ameshajibu watu mpaka vidole vimekufa ganzi, na kichwani mwake kulikuwa na sauti kama ya friji bovu. Akaandika pale pale mezani: Video inayosambaa ni ya zamani. Maji yanayotolewa na shirika ni safi na salama. Umma unaombwa kuipuuza. Akabonyeza. Ikaenda.

Chai aliyomiminiwa kikaoni ilikuwa haijapoa walipoanza kumrudia. Watu wa mtandaoni wana masikio. Wao walikuwa wameifungulia sauti. Nyuma ya lile bomba, redio ya jikoni ilikuwa inasoma taarifa ya habari, na habari zenyewe zilikuwa za asubuhi ile ile. Mtu mmoja akaandika, "Zamani gani hii, shangazi? Zamani ya leo?" Hilo moja lilitosha. Wakaichimbua picha yake kwenye ukurasa wa shirika, ile anayotabasamu na kipaza sauti, wakaiandika juu *Zamani ya leo*, wakaifanya stika. Kabla ya saa sita mchana stika ilikuwa imefika kwenye kundi la wazazi wa shule ya binti yake, na kwenye kundi la kwaya, na kwenye kundi la ukoo, ambako mjomba mmoja aliituma akifuatisha maneno: "Si mtu wetu huyu?"

Mumewe akapiga. Si kawaida yake kupiga simu mchana. Mikono yake huwa imejaa gundi.

"Umeisikiliza ile video?"

"Nimeiona."

"Sijauliza umeiona. Umeisikiliza?"

Akatoka kwenda kusimama kwenye ngazi, akaiweka simu sikioni. Redio inasoma habari. Maji yanaporomoka. Halafu sauti ya mwanamke, ya mzaha, ya mtu aliyechoka mpaka akaona bora acheke: "Haya wapendwa, karibuni chai. Sukari mje nayo."

Alikaa chini, kwenye ngazi pale pale, na sketi yake ya kazini. Alikuwa wifi yake.

Huyo alikuwa dada wa mumewe, mkubwa wake, mwanamke wa kuchekesha watu hata kwenye foleni ya hospitali. Ukoo mzima ulimtania kwamba ndiye wifi asiye na nywila: lolote ulilompa, mtaa mzima unatumia. Lakini mwongo hakuwa. Jiko lile Mama Taarifa alilijua. Alikuwa ameosha vyombo kwenye sinki lile miaka nenda miaka rudi. Lau angeitazama ile glasi kwa utulivu wa dakika moja, angeitambua hata glasi.

Alishuka kwa mhandisi wa mabomba. Akamkuta anakula, akamwonyesha.

"Ndiyo," mhandisi alisema, akifuta midomo. "Tulifungua bomba kuu la sokoni mwisho wa wiki. Tope likaingia. Maji yatasafika, lakini kwa sasa wasiyanywe."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tuliweka kwenye kundi la ofisi. Si wote mmo humo?"

Alitafuta. Kweli ujumbe ulikuwamo, umefukiwa chini ya pongezi za siku ya kuzaliwa ya mtu wa stoo, keki juu ya keki, na maputo.

Aliporudi juu, mkurugenzi alikuwa ameshatoa taarifa nyingine bila yeye, kwa mara ya kwanza. Ilisema afisa mmoja alichapisha habari kabla ya kuithibitisha na hatua zinachukuliwa.

"Watu wanataka wa kumlaumu, mama," alimwambia. "Ni mambo ya mtandao tu. Wiki ijayo wamesahau."

"Wao watasahau. Na mimi?"

Mkurugenzi akageukia dirishani kama vile kuna mtu kamwita. Mama Taarifa akachukua mkoba wake.

Wifi alimfungulia mlango, asiseme karibu wala asiseme ondoka. Jikoni ndoo zilikuwa zimepangwa ukutani, kila moja imetulia, tope limelala chini kama unga wa kahawa. Mtoto wake mdogo alikuwa amejilaza mkekani, uso umemwiva kwa homa ya tumbo.

"Umekuja kama mke wa kaka yangu, au umekuja kama shirika?"

"Sijui, wifi. Nimechoka, hata sijui nimekuja kama nani."

"Mimi nilipiga ile namba yenu ya huduma. Muziki. Nikapiga tena. Muziki. Ningekuwa mchezaji, ningekuwa nimeshatoka na mtindo wangu. Nikakupigia wewe. Ukaniambia, 'Wifi, nakupigia sasa hivi.' Hiyo sasa hivi yako bado naingoja."

Mama Taarifa alikumbuka. Alikuwa anajibu maoni ya watu asiowajua, kwa upole.

"Naomba radhi."

"Mimi umeniomba. Na wengine?"

"Nikisema lolote bila kibali, kazi sina."

"Kibali ni chenu nyie," wifi alisema. "Mimi nyumba ni yangu, na simu ni yangu." Na kabla mwenzake hajajua la kufanya, alikuwa ameshaiinua, anatangaza moja kwa moja. "Wapendwa, mlimtafuta. Huyu hapa, yule wa zamani ya leo. Ni mke wa kaka yangu, kwa hiyo mkimtukana, tukaneni kwa adabu."

Mlango ulikuwa hatua chache tu. Angeweza kutoka. Baadaye alimwambia mumewe kwamba wala haukuwa ushujaa. Miguu tu ilikataa kwenda kokote. Akasimama kati ya zile ndoo, nywele hazijachanwa vizuri, akasema:

"Maji haya ni ya leo. Nilichoandika asubuhi hakikuwa kweli, niliandika kabla ya kuuliza. Bomba kuu la sokoni lilifunguliwa, tope limeingia. Msiyanywe. Msiwape watoto. Mkichota, yaacheni yatulie, tumieni kufulia."

Matusi yalishuka kama mvua ya mawe. Wifi alimsomea yote, hakuruka hata moja, na yeye akayapokea. Kisha, katikati ya matusi, mtu akauliza: mtaa wetu ulioko juu ya kilima, sisi nasi tusinywe? Akajibu. Mwingine akauliza kuhusu maziwa ya mtoto yaliyokorogwa asubuhi. Akajibu. Asilolijua alisema hajui, akampigia mhandisi pale pale, sauti ikiwa wazi, watu wote wakisikia mhandisi akitafuna. Waliendelea hivyo mpaka simu ya wifi ikazimika kwa kukosa chaji. Wakati fulani, hakujua ni saa ngapi, kuna mkono ulimsogezea kigoda kwa nyuma, naye akakaa. Ulikuwa mkono wa wifi. Mwingine ulikuwa umeshika simu.

Kesho yake alikwenda kazini akijua anafukuzwa. Hakufukuzwa. Mkurugenzi alikuwa amesoma maoni, na maoni yalikuwa yamegeuka: watu wanaandika, angalau huyu mama amesema kweli. Hasira yote ilikuwa imemtoka, akamkaribisha kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo tunayoitaka!" alisema. "Kusema na watu kama mtu. Tutafanya kila wiki."

Ikaletwa kampuni ya kushughulikia mitandao, vijana wenye taa ya duara na kioo cha kujipodoa. Mwanzoni alidhani wamekuja kumpunguzia mzigo. Walikuwa watu wazuri, walimwita mama, walimletea maji ya chupa. Wakampanga mbele ya bomba lililong'arishwa, wakamwandikia maneno. "Hapa sema 'niliteleza,' mama, halafu nyamaza kidogo, angalia chini. Watu wanapenda ukiangalia chini." Akaangalia chini. Wakapiga tena kwa sababu kivuli kilimwangukia vibaya. Akaangalia chini tena. Mara ya tatu aliinua uso akasema, "Wanangu, mimi nilipokuwa naona aibu sikuwa na taa."

Wiki ile ile aliomba ahamishiwe dirishani, kule chini wanakopokelewa wateja wenye malalamiko. Ofisi nzima ilicheka mpaka ilipoona hatanii. Mkurugenzi hakuelewa kabisa.

"Mama, huko watakutukana ana kwa ana."

"Najua."

"Ukurasa nani atauangalia?"

"Hao wenye taa."

Na kweli, ukurasa wakauchukua wao. Sasa ukiandika kwamba maji yamekatika, unajibiwa kabla hujainua kidole: *Asante kwa mrejesho wako, tunakuthamini.* Ukiandika kwamba umefiwa, nako unathaminiwa vilevile.

Dirishani kazi haikuwa laini. Watu walikuja wamevimba, wengine wameanza kufoka tangu getini. Lakini aliona jambo moja: mtu anayekufokea ana kwa ana lazima avute pumzi, na akivuta pumzi anakuona. Anaona miwani yako imeteleza puani, anaona kikombe chako. Anaanza kwa "nyie wezi," anamaliza kwa "sasa mama, unanisaidiaje?" Wengine hawakufika huko, waliondoka wakilaani ukoo wake. Jioni mlinzi alishusha pazia la chuma, na laana zao zikabaki upande wa pili.

Uchovu haukumtoka siku ile, wala mwezi ule. Uchovu wa miaka hauondoki kwa kubadilisha kiti. Bado alikuwa anashtuka kila simu ya mtu mwingine ikitetemeka. Na wifi yake, lisemwe lililo kweli, aliendelea kurusha video: taka zisizozolewa, taa za barabarani zisizowaka. Akikutana na Mama Taarifa humwambia, "Ile ya taka si yenu, tulia."

Jioni moja alirudi, akavua kitambaa kichwani, akakaa kwenye kochi. Mumewe alikuwa anakuna gundi iliyokauka vidoleni.

"Leo wamekutukana?"

"Wawili tu."

"Walisemaje?"

Akaanza kumsimulia wa kwanza, mzee aliyekuja na kofia mkononi, akaikunja na kuikunjua mpaka ikapoteza umbo, naye mume akawa anacheka kidogo kidogo. Wa pili hakumfikia. Sauti ilimpungukia katikati ya neno, kichwa kikaegemea mkono wa kochi. Mume alingoja kidogo aone kama ataendelea. Alipoona haendelei, akainama, akamvua viatu.