Hatua Sitini Hadi Kliniki

Saa mbili asubuhi. Katika chumba cha kufulia cha hospitali, mvuke umetanda hadi darini. Mpiga pasi wa miaka hamsini na mbili ananyoosha shuka kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ameulaza mezani kama mzigo wa mtu mwingine.

Wenzake humwita Haidhuru, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila jambo. Ukimwongezea zamu, haidhuru. Ukimsingizia kuunguza foronya, haidhuru. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemsikia akipandisha sauti.

Dada yake, muuza mitumba, ni moto wa kuotea mbali. "Majirani walisema presha itaniua mimi," anasema. "Kumbe mimi nikishagomba, nalala. Kaka yangu humeza."

Miaka minne iliyopita Haidhuru alipimwa, akakutwa na presha ya 180 kwa 110. Akapewa vidonge na siku ya kliniki: Alhamisi. Kliniki iko hatua sitini tu kutoka mezani kwake. Lakini Alhamisi ni siku ya shuka za upasuaji, na msimamizi humwomba asitoke. Hakutoka. Vidonge vikaisha, akakaa miezi saba bila dawa. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

"Niliona haya kumsumbua mtu," anasema polepole, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo.

Asubuhi moja aliangukia lundo la shuka. Wenzake walidhani ameinama; kumbe ni kiharusi.

Muuguzi wa kliniki hakubali kwamba upole ndio uliomletea presha. Wapo wapole wazima na wagomvi wagonjwa, anaeleza, tena baba yake Haidhuru naye alikufa kwa kiharusi. "Lakini upole ndio uliomnyima dawa," anasema.

Mkono haujarudi, na hakuna anayemwahidi kwamba utarudi. Alhamisi iliyopita alikosa kliniki tena. Dada yake alitaka kwenda kumkabili msimamizi, Haidhuru akamzuia; atakwenda mwenyewe Jumatatu. Hii ni Jumatatu ya tatu anayoipanga.

Jioni, nyumbani, mkewe anamwagiza binti yao wa miaka kumi na mmoja aoshe vyombo.

"Sitaki, mama. Jana niliosha mimi."

Mama anainuka kumkanya. Mumewe anamgusa bega.

"Mwache," anasema. "Neno hilo analijua. Namwombea asije akalisahau."