Njia ya Kwenda Mtoni

Jumuiya ya nchi zetu tatu ilipovunjika na mpaka wa kusini kufungwa, watu wa kijiji chetu cha Giakanja walipata neno moja wakaling'ang'ania: talaka. Redioni talaka, sokoni talaka, hata mimi, mwalimu kijana, nililipenda. Na neno hilo lilitubadilisha. Kwetu ndoa ikivunjika, mume hudai mbuzi wake wa mahari, basi nasi tukaanza kudai ndege, reli na meli za Jumuiya kwa hasira hiyo hiyo.

Shangazi yangu, dada ya baba, alilikataa kabisa. Tulikuwa tunamenya viazi uani kwake, redio ikinguruma juu ya gunia.

"Nani ameoa nani hapo?" akafoka. "Hao ni ndugu wamegawana shamba. Na ndugu wakigawana, kabla ya kupanda maua ya mpaka wanaacha njia ya kwenda mtoni. Hiyo haina mwenyewe, hata mkikosana. Sasa hao wakubwa, njia yao iko wapi?"

Nimewasikia wachambuzi wa siasa wengi mno tangu siku ile. Hakuna aliyemfikia.

Jioni nikarudi nyumbani. Baba na baba mdogo walikuwa wamegawana shamba la babu kwa matusi, na hawakusalimiana tena. Kati ya mashamba yao, baba mdogo alikuwa akipanda kutoka mtoni na debe la maji begani. Baba akaweka jembe chini, na bila kumtazama, akaondoa tawi lililoanguka njiani.