Arlene Hruska na ubao wa dakika

Jua la Nebraska halijapanda vizuri, na Arlene Hruska ameshayatukana magari manne. Amesimama ukingoni mwa barabara kuu, maili mbili kabla ya kuingia mji wa Vodnik, penye matengenezo, bango la kuongozea magari mkononi. Upande mmoja limeandikwa SIMAMA, upande wa pili POLEPOLE. Sasa hivi amegeuza POLEPOLE. Gari dogo la rangi ya fedha linampita kwa kishindo, koti lake la rangi ya chungwa linapepea.

"Umeona?" anamuuliza mwandishi. "Huyo hana mgonjwa, wala nyumba yake haiungui. Anakimbilia mkate."

Ni kweli. Mkate wenyewe ni ule wa mdalasini, unaochovywa kwenye bakuli la chili, mchuzi mzito wa nyama na maharage, katika mkahawa wa Verlin Stroup pale mjini. Watu wa huku wanaula hivyo tangu shule ya msingi, na hakuna aliyewahi kuukimbilia mpaka ilipokuja televisheni.

Arlene ana miaka hamsini na sita. Bango amelishika kwa miaka kumi na tisa, kwa dola ishirini na mbili kwa saa, na theluji ikianguka kazi hakuna. Vioo vya magari vimempiga kiwiko mara mbili. Goti la kushoto limeanza kugoma. Hayo anayataja harakaharaka, bila kujionea huruma. Sauti hubadilika anapofikia habari ya ubao.

Mwaka jana mtangazaji Dex Mallory, anayezunguka nchi nzima akila mbele ya kamera, aliingia Vodnik na gari lake jekundu la mwaka sitini na tisa. Alimega mkate, akachovya, akafumba macho. Kisha akatangaza kwamba ametoka Omaha kwa dakika hamsini na nane. Ni maili tisini. Anayefuata sheria hutumia saa moja na nusu.

Verlin hakulaza damu. Wiki ileile alitundika ubao juu ya kaunta: jina, gari, dakika kutoka Omaha. Atakayempiku Dex, mkate bure.

"Mimi nilicheka," Arlene anakiri. "Tena chaki nilimpa mimi, ile tunayochorea alama barabarani. Andika na hilo, usinifichie."

Mwandishi alipofika mkahawani mara ya kwanza, wiki mbili zilizopita, saa kumi na mbili asubuhi, hapakuwa na mazungumzo mengine. Lyle Oestreich, mkulima mstaafu wa mahindi, alikuwa ameshika usukani wa soga.

"Yule mtangazaji mnene wa kipindi cha Jumanne hajui kula," alisema. "Anapuliza chakula utadhani kitamuuma. Lakini Dex akitafuna, wewe uliye kwenye kochi unameza mate."

"Dex ana gari," Verlin alijibu huku akimimina kahawa. "Yule wa Jumanne anakuja na baiskeli."

"Baiskeli, na tumbo lile? Mwongo huyo."

"Silinda nane, Lyle. Mnyama yule. Unakanyaga kidogo tu, umeshafika."

"Umeshafika wapi?" Arlene aliuliza kutoka mwisho wa kaunta.

"Ah, bibie, tunapiga soga tu," Lyle alisema.

"Soga zenu zimemvunja Duane nyonga."

Duane Pospisil ndiye aliyeshika bango la upande wa pili. Miaka kumi na mmoja wamefanya kazi pamoja, wakizungumza kwa redio ya mkononi kutwa nzima, yeye kule na Arlene huku. Asubuhi moja mwanzoni mwa Agosti, Duane alisema, "Kuna mmoja anakuja, hapunguzi." Redio ikanyamaza. Gari lilimrusha mtaroni, na dereva hakusimama.

Ambulensi ilipoondoka, Arlene aliingia mkahawani kunawa damu. Ubaoni palikuwa na jina jipya: dakika sitini na moja. Mwenye jina alikuwa amekaa kaunta anapongezwa, eti amebakiza kidogo tu. Polisi walimkuta hapohapo, taa moja ya gari lake imevunjika. Aliwaambia alidhani amegonga koni.

"Koni," Arlene anarudia. "Duane ana ratili mia mbili na arobaini. Ana mke na watoto watatu wazima. Koni."

Siku ileile alimwomba Verlin aushushe ubao. Verlin alikataa: ubao haukumgonga mtu, dereva ndiye aliyegonga, na bila ubao mkahawa utafungwa kabla ya Krismasi. Arlene alipoendelea kusema kila asubuhi, Verlin aliwaambia wateja kwamba kelele za mlango hazimnyimi usingizi. Nusu ya kaunta ilicheka. Ndio watu aliosoma nao.

Jumamosi iliyopita Dex Mallory alirudi kupiga picha nyingine. Arlene alikuwa zamu. Lori lenye kitu kilichofunikwa turubai lilisimama mbele ya bango lake, na nyuma yake gari la abiria lenye vioo vyeusi.

"Umebeba nini?" alimuuliza dereva wa lori.

"Gari la Dex, mama."

"Kwani haliendi lenyewe?"

"Liende wapi? Giaboksi ilikufa zamani. Tunalishusha hapo mbele, yeye anamalizia nusu maili kwa gia moja. Kamera inamsubiri mlangoni."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana nililibeba mimi. Tulitumia saa mbili na ushei kutoka Omaha. Tulisimama njiani kujaza mafuta."

Arlene alisogea nyuma ya lori. Kupitia dirisha la gari la nyuma, lililoshushwa kioo kwa ajili ya joto, alimwona mtangazaji amelala, mdomo wazi.

"Mbio zile za dakika hamsini na nane hakuna mtu aliyewahi kuzikimbia," anasema, na hapa anapiga mpini wa bango chini. "Hakuna hata mmoja. Na Duane amelazwa kwa ajili yake."

Hakugeuza bango. Dakika ishirini magari yalipiga honi mpaka Dex mwenyewe akashuka akifikicha macho.

"Dada, hii ni televisheni," alimwambia kwa upole. "Kila mtu anajua."

"Duane hakujua."

"Duane ni nani?"

Arlene alimtazama, kisha akageuza POLEPOLE.

Alipomaliza zamu alikwenda mkahawani na kusema yote mbele ya kaunta nzima. Lyle aliweka kijiko chini. Verlin hakuinua uso kutoka kwenye sinki.

"Ulijua," Arlene alimwambia.

"Nilisaini karatasi ya watu wa televisheni," Verlin alisema. "Nilikatazwa kusema."

Arlene anapoyasimulia haya anamgeukia mwandishi. "Angekuwa hajui, ningemsamehe siku moja. Lakini nimenawa damu ya Duane kwenye sinki lake, naye anajua. Akanipa taulo, anajua."

Jioni ile alipanda juu ya kiti, akafuta jina la Dex kwa mkono wa koti, akachukua chaki. Kwenye safu ya jina aliandika Duane Pospisil. Kwenye safu ya gari: kitanda cha hospitali. Kwenye safu ya dakika kutoka Omaha, ambako Duane amelazwa: siku arobaini na tatu, bado hajafika.

Kila asubuhi kabla ya kazi hupita kubadilisha namba. Leo ni arobaini na saba. Verlin hajathubutu kuifuta. Habari za lori hazijafika Omaha, kwa hiyo wakimbiza magari bado wanakuja. Wanasimama mbele ya ubao na simu zao, wanauliza huyu Duane ana gari gani. Lyle ndiye anayewajibu, na hawaachii mpaka wasikie habari yote.

Madaktari wanasema huenda Duane akaruhusiwa Novemba. Arlene ameshapanga. Atamfuata mwenyewe kwa pikapu yake.

"Nitamleta kwa mwendo wa maili hamsini na tano kwa saa, wakipiga honi na wapige mpaka wachoke," anasema, macho yakiwa barabarani. "Ataandika muda wake kwa mkono wake. Kisha nitaung'oa ule ubao, na ngazi atanishikia Verlin."