Wiki mbili nilisaini daftari la maktaba huku natafuta vitabu vya utamaduni wa shirika (Kalemie)

Wakuu, nawasalimu kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa kwa nyie mlioko Kigoma.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe na sijatia chumvi. Ningetia chumvi ningejipendelea, na mkimaliza kusoma mtakubali kwamba sikujipendelea hata kidogo.

Niiteni Papa Kalunga. Nimevuka arobaini, nina mke na watoto wanne, na ni karani kwenye ofisi moja ya mizigo hapa bandarini. Jina la ofisi nalificha kwa sababu bado nakula kwao.

Kabla sijafika maktaba lazima niwaeleze kazi yangu, la sivyo hamtanielewa.

Kila asubuhi naweka daftari la mahudhurio kwenye meza iliyo karibu na mlango. Watu wanaingia, wanaandika jina na saa, wanasaini. Ikigonga saa mbili kamili natoa rula na kalamu nyekundu mfukoni, napiga mstari. Anayefika baada ya hapo anasaini chini ya mstari na kuandika sababu ya kuchelewa. Wengine wana sababu ndefu hizo, mvua, mtoto, pikipiki, tumbo, zinafika hadi ukurasa wa pili.

Na kuna kitu kimoja hakijaandikwa popote. Kwetu ni utovu wa adabu kusoma sababu ya mwenzio. Unafunika sehemu ya juu kwa mkono wa kushoto, unaandika yako, unaenda zako. Anayesoma ni mkuu peke yake. Hakuna aliyetuagiza, lakini hata mgeni akiajiriwa leo, kufikia Ijumaa naye ameshaanza kufunika.

Nimefanya hivyo miaka kumi na moja. Hilo la mkono wa kushoto lishikeni.

Sasa, nilirudi masomoni nikiwa mtu mzima, nasoma jioni pamoja na vijana wanaoniita Papa darasani. Nikafika mwaka wa mwisho. Kwa ajili ya kazi ya kumaliza masomo nikachagua topic ya utamaduni wa shirika, yaani zile tabia za mahali pa kazi ambazo hazimo kwenye kanuni ila kila mtu anazifuata. Nilijiona mjanja sana. Nilisema, nani anayajua hayo kuliko mimi?

Msimamizi wangu akaipenda. Ila akanipa sharti: nimletee vitabu au maandishi sita niliyoyashika kwa mikono yangu, pamoja na kurasa nilizosoma. Orodha ya kuokota online hataki hata kuiona. Alinipa wiki mbili, mwisho Ijumaa. Nikishindwa, nabadilisha topic, na kubadilisha topic maana yake ni kusubiri mwaka mwingine.

Wakuu, mwaka mwingine sikuwa nao.

Huku kwetu siku ya kutetea kazi yako, familia inavaa kitambaa kimoja. Mke wangu, Mama Rehema, alikuwa ameshanunua kile kitambaa, cha kijani chenye ndege weupe. Dada yangu wa Kabalo alikuwa ameshashona chake na anaulizia treni. Kila nikirudi nyumbani nakikuta kile kitambaa kimekunjwa juu ya kabati, kinanitazama.

Nilianza na simu. PDF moja ina-load mpaka bando linakata. Nyingine ikifunguka inaongelea makampuni yenye lifti na mashine za kahawa kila ghorofa. Sisi ofisini tuna birika moja, na mfuniko wake ulipotea zamani.

Ndipo mtu akanielekeza maktaba moja ndogo nyuma ya parokia. Ni chumba kimoja tu, madirisha yanatazama ziwa. Upepo wa huko unajua kazi yake, kwa hiyo magazeti yote yamewekewa mawe juu yasiruke. Anayeitunza ni mama mmoja mpole anaitwa Mama Feza. Haongei sana, na akikuonyesha kitu anakuonyesha kwa kidevu.

Siku ya kwanza nikamwambia natafuta vitabu vya utamaduni wa shirika.

Akainua kidevu kuelekea meza ya mlangoni. Pale kulikuwa na daftari kubwa la jalada la bluu, na kalamu imefungwa kwa uzi.

"Andika pale, Papa," akasema.

Nikaenda. Nikafunika sehemu ya juu kwa mkono wa kushoto. Nikaandika jina, saa, nikasaini.

Najua wengine mmeshaanza kucheka. Subirini kwanza.

Nikaingia kwenye rafu. Dini ipo, sheria ipo, uuguzi, kilimo, vitabu vya shule, hadithi. Rafu ya shirika hakuna. Nikaona kibandiko cha utamaduni, moyo ukaruka, kumbe ni ngoma, mahari na vinyago. Siku ya tatu nilisoma nusu ya kitabu cha vinyago kwa sababu kilikuwa kitamu, nikajikuta muda wa chakula cha mchana umepita na ofisini wananitafuta.

Kila siku nilikuwa nakuja, nasaini, nazunguka rafu zile zile, naondoka mikono mitupu.

Nikiwa pale nawaona watu wengine wanasimama mezani wanaandika mistari mitano, sita, kumi. Yupo sista mmoja. Yupo mzee mmoja wa Kabalo, mstaafu wa reli, Papa Mulongo, mwenye kofia ya bluu ambayo nadhani analala nayo. Yupo binti anayesomea uuguzi. Nikawahurumia kweli. Nikasema moyoni, watu wazima hawa, kila siku wanachelewa, kila siku wanaandika sababu.

Jumanne moja nikaona niwasaidie kupanga mambo. Saa saba mchana ilipogonga, nikatoa rula yangu na kalamu nyekundu, nikapiga mstari safi kabisa. Nikarudi kukaa nimeridhika na nafsi yangu. Tangu siku hiyo nikawa naupiga kila nikija.

Mama Feza aliniona, akaendelea kupanga vitabu.

Ikafika Jumatano ya wiki ya pili. Imebaki kesho na keshokutwa. Sina kitabu hata kimoja. Nikaamua niende nimuage yule mama, kisha nikamwambie msimamizi nimekubali kubadilisha topic. Njiani nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Mama Rehema, na yote yalikuwa mabaya.

Nikasaini kama kawaida. Nikamshukuru Mama Feza, nikamwambia naenda, sikupata nilichotafuta.

Akaweka chini kitabu alichokuwa ameshika.

"Papa, uko unaenda wapi, na bantu wako wanangojea ulizo yako?"

Nikamuuliza ulizo gani, swali gani hilo.

"Ile ya kuandika. Tangu siku ya kwanza nilikuambia andika. Weye unaandika jina tu. Kila siku jina tu."

"Mama, si hii njo kaye ya kusaini?" (Kaye ndiyo daftari kwa Kiswahili cha huku, na njo ni ndiyo.)

"Kusaini nini, Papa? Hapa muntu anaandika kitu anatafuta, na mwenye anajua anamujibu. Njo vile tunafanya."

Wakuu, nilisikia joto kuanzia shingoni mpaka kwenye masikio.

Nikarudi mezani. Kwa mara ya kwanza nikaondoa mkono wangu wa kushoto, nikasoma.

Daftari zima lilikuwa maswali na majibu. Mtu anatafuta dawa ya mihogo inayooza, chini yake kuna watu watatu wanamwelekeza rafu na ukurasa. Mtu anatafuta ramani ya zamani ya njia ya Nyunzu, ameshapata. Na katikati yao nipo mimi, jina, saa, sahihi, jina, saa, sahihi.

Lakini kilichonimaliza ni yale yaliyoandikwa chini ya sahihi zangu.

Siku ya kwanza, mwandiko wa kike: "Karibu Papa Kalunga. Unatafuta nini?"

Siku ya tatu, mwandiko mwingine: "Papa Kalunga, sema tu, tuko."

Siku ya tano: "Pengine ana haya. Tumuache, ataandika siku yake."

Na kwenye ile Jumanne, mtu ameuliza: "Nani anapiga hii mistari nyekundu?" Mwenzake kamjibu: "Pengine ni Papa Kalunga. Pengine anafunga maulizo yenye yalisha kujibiwa."

Nilicheka mpaka machozi. Mama Feza naye akacheka, na sikuwahi kumsikia akicheka. Watu niliokuwa nawahurumia kumbe walikuwa wananihurumia mimi.

Nikashika kalamu, nikaandika swali langu kikamilifu: natafuta chochote juu ya tabia za mahali pa kazi, namna mgeni anavyofundishwa mambo ambayo hayajaandikwa, nahitaji sita, mwisho ni Ijumaa. Nikaomba radhi kwa sahihi.

Sikuondoka. Nikapiga simu ofisini kuomba ruhusa, nikakaa pale nione.

Binti wa uuguzi ndiye aliyefika wa kwanza. Akasoma, akatabasamu bila kunitazama, akaandika: rafu ya uuguzi, kitabu cha kijani cha uongozi wa hospitali, sura inayoeleza jinsi muuguzi mpya anavyopokelewa wodini. Nikakifuata. Kweli, sura nzima. Nilizunguka mbele ya kitabu kile wiki mbili.

Sista akaja baadaye, akanielekeza kwenye rafu ya dini, kitabu cha maisha ya jumuiya za watawa. Huwezi kuamini namna watawa walivyofikiria kwa undani nani aongee lini mezani na kwa nini.

Alhamisi nikakuta mwandiko nisioujua umenitajia kijitabu cha ushirika wa wavuvi wa ndagala, yaani dagaa, kwenye rafu ya kilimo. Mwingine kaandika nimwombe Mama Feza ufunguo wa kabati la kazi za wanafunzi wa zamani, na humo nikapata kazi moja iliyochapwa kwa mashine kuhusu desturi za wafanyakazi wa kiwanda kimoja. Papa Mulongo akanielekeza sanduku chini ya dirisha. Limejaa majarida ya zamani ya wafanyakazi wa reli, nani kaoa, nani kastaafu, fundi mpya anasalimia nani kwanza akifika karakana.

Nilisoma kama mtu aliyefungua mfungo. Hayo yakawa matano.

Moja lilibaki na Alhamisi ilikuwa inaisha. Nikaandika: bado moja, jamani.

Papa Mulongo alikuwa amesimama nyuma yangu. Akachukua kalamu, akavuta ule uzi wake, akaandika polepole: "Ya sita njo hii yenye unashika."

Nilimgeukia, mkono wangu bado uko juu ya lile daftari. Alikuwa anarekebisha kofia yake.

Ijumaa nikaenda kwa msimamizi na maelezo yangu ya kurasa, na nakala niliyoiandika kwa mkono kutoka kwenye lile daftari, pamoja na sahihi zangu zote. Sikuficha kitu. Nikamweleza mkono wa kushoto, kalamu nyekundu, na huruma yangu kwa wachelewaji. Alivua miwani akafuta macho. Akasema hiyo hadithi ndiyo utangulizi wa kazi yangu, nikaandike.

Nilitetea kazi yangu mwezi uliofuata. Safu mbili za mbele zilikuwa za kijani na ndege weupe, dada yangu wa Kabalo akiwa katikati, ameshuka kwenye treni siku mbili kabla. Mama Rehema alianza kupiga vigelegele kabla hata jopo halijamaliza kusoma matokeo. Nilifurahi, wakuu, sina namna nyingine ya kulisema.

Ila uzi huu nimeuandika kwa sababu ya jana.

Jana nilipeleka nakala ya kazi yangu maktaba, iingie kwenye lile kabati. Sikuwa nimekanyaga pale kwa miezi kadhaa. Mama Feza alikuwa ndani anapanga vitabu. Mezani kulikuwa na msichana nisiyemjua, ana rula mkononi na kalamu nyekundu, anapiga mstari kwenye daftari kwa uangalifu mkubwa.

Nikamuuliza anafanya nini.

Akaniona mgeni, akanieleza kwa heshima zote.

"Papa, hapa muntu akisha kujibiwa, anapiga laini nyekundu chini ya ulizo yake. Njo desturi ya hapa tangu zamani."

Tangu zamani.

Nilitazama ndani. Mama Feza alikuwa ametuelekezea mgongo, mabega yake yanatikisika kwa kicheko. Kurasa zote za karibuni zilikuwa na mistari myekundu, mingine imenyooka, mingine imepinda, hakuna hata mmoja wa kwangu.

Nikafungua nyuma mpaka kwenye swali langu la Jumatano ile. Lilikuwa bado halijafungwa. Nikamwomba yule msichana aniazime rula.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitafuta kitu maktaba, usikae unasubiri rafu yenye jina la topic yako. Utamaduni wa shirika nimeukuta kwa wauguzi, kwa watawa, kwa wavuvi na kwa watu wa reli. Na uliza kwa ukamilifu, watu wapo na wanataka kukujibu. Mimi nilikuwa naufunika msaada kwa mkono wangu mwenyewe, na nilijiona mtu wa adabu.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Kazini kwako kuna tabia gani ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaifuata? Na kama unatafuta kitabu au andiko, liweke swali lako hapa chini, pengine mmoja wetu analijua. Ukishajibiwa, njoo upige mstari.