Mteremko wa Kushukia Matombo

Mwaisha alikuwa mwoga wa barabara, wala hakuficha. Tangu bodaboda ilipomwangusha Kilakala, karibu na kwake, na kumwachia chuma gotini, hakupanda tena pikipiki ya mtu. Lakini alikuwa afisa lishe, na watoto aliotakiwa kuwapima walikuwa huko milimani, kwenye vijiji visivyofikiwa na basi. Ndipo akanunua baiskeli ya kukunja. Kila safari ya kikazi aliipakia kwenye buti la basi, akaikunjua Matombo, akafunga mizani nyuma na kuanza safari. Kwenye tambarare alipanda. Kwenye mteremko alishuka akaikokota.

"Dada lishe, imeharibika?" watu walimuuliza.

"Nzima kabisa. Mimi ndiye naogopa."

Alasiri moja ya masika alikuwa akirudi kutoka vijiji vya juu, akiikokota kwenye ukungu, aliposikia honi nyuma yake. Haikukatika. Ililia mfululizo, ikikaribia, na chini yake ngurumo ya injini isiyozuiwa na chochote. Aliisukuma baiskeli ukingoni, akajibana kwenye udongo. Kenta, lori dogo lililojaa ndizi, ikampita karibu mno, hata turubai likampiga shavuni. Kwenye kona haikukata. Kikafuata kishindo, kisha kimya.

Alisimama pale pale. Hakutaka kuona. Akajilazimisha kwenda.

Kenta ilikuwa imelala ubavu shambani, na dereva alikuwa amejikokota hadi nje. Paja lake lilikuwa limechanika vibaya. Mwaisha akavua mtandio, akaufunga juu ya jeraha, akaukaza kwa kijiti. Simu haikuwa na mtandao. Mzee mmoja, Mwinjuma, aliyekuwa akipalilia jirani, akaja na kukishika kile kijiti.

"Unaitwa nani, kaka?" Mwaisha aliuliza, ili tu yule mtu asilale.

"Abeid." Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Mwanangu," mzee akasema, "miguu yangu haikimbii tena. Wewe una baiskeli. Teremka kituo cha afya."

"Mzee, mimi siwezi kuteremka. Sijawahi."

"Basi atatufia hapa."

Mwaisha aliifungua mizani akaiacha kwenye majani. Akapanda.

Magurudumu madogo yalidaka kila jiwe. Bawaba ya katikati iligongagonga chini yake, na akilini aliiona ikifunguka, baiskeli ikijikunja naye akiwa juu yake. Breki zilikuwa zimelowa. Alizibana kwa nguvu zote, zikalia, lakini mwendo haukupungua. Akaburuta kisigino mpaka soli ya kiatu ikang'oka. "Ya Latifu, ya Latifu," alisema, kisha hata hilo likamponyoka, akabaki kuhema tu. Kwenye kona aliteleza, akaanguka kwa goti lile la chuma. Alilia kwa sauti, peke yake kwenye ukungu. Kisha aliikagua bawaba, akaikaza, akapanda tena. Kilichomtisha zaidi sasa kilikuwa ule mtandio kulegea.

Alipofika kituoni hakuweza kushuka. Muuguzi alimshika kiunoni.

"Kuna mtu anavuja damu, juu kwenye kona ya mashamba ya ndizi," alisema. "Twendeni."

Walimwambia apumzike, gari la wagonjwa lingefika lenyewe. Akakataa, kwa hofu kwamba wangeipita ile kona bila kuiona. Alipanda mbele, dereva akakimbiza gari kwenye matope, naye akashika dashibodi kwa mikono yote miwili njia nzima.

Mzee Mwinjuma hakuwa ameachia kijiti. Abeid alikuwa bado anapumua.

Alipona, ingawa kwa muda mrefu alitembea kwa gongo. Kwa upande wake, Mwaisha aliomba likizo. Aliogopa hata kuvuka barabara kwenda dukani. Kikombe kikianguka jikoni, mwili mzima ulikufa ganzi.

Mwezi uliofuata Abeid alikuja kumshukuru, akiwa na mkewe Nasra. Walikaa barazani. Abeid alizungusha kikombe cha chai mkononi bila kunywa.

"Dada, mimi gari siwezi tena," akasema. "Nikigusa usukani tu, natokwa jasho. Nyumbani wanasema nitazoea. Na wewe wanakwambia hivyo?"

"Wananiambia."

"Unawaamini?"

Mwaisha alifikiri. "Bado," akasema, akamsogezea sahani ya mihogo.