Hatua Ishirini hadi kwa Veijo

Nimeishi na Reino miaka arobaini na mmoja na sijamsikia akimwomba mtu kitu, hata chumvi. Kikopo kikiwa upande wa pili wa meza, anakula chakula hivyo hivyo, chapwa. Hata mimi hakuniomba. Alikuja kwetu, akapanda juu ya paa la zizi la baba na kuanza kuziba matundu, viangazi viwili mfululizo, mpaka baba akachoka akamuuliza, "Sasa wewe, unamchukua binti au unachukua paa?"

Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la kusukuma theluji barabarani. Mwaka mmoja lilitumbukia mtaroni, naye akatembea kilomita kumi na moja kwenye baridi, akizipita nyumba tisa zenye taa, eti kwa sababu watu walikuwa wanakula. Vidole viwili vya mguu vilikatwa. Mpaka leo anasema vilikuwa vidogo tu.

Alipostaafu tulinunua gari-nyumba, na Februari hii tulikuwa tunakwenda nalo Kuusamo, mji wa kaskazini. Binti yetu Kaisu alikuwa anambatizisha mtoto wake wa kwanza Jumamosi, saa sita mchana. Mimi ndiye niliyebeba gauni la ubatizo. Alilishona bibi yangu, na kila mtoto wa ukoo wetu amebatizwa nalo, jina lake likatariziwa kwenye upindo. Kaisu ni wa kumi na tisa. Bila gauni hilo hakuna ubatizo, na yeye alinipigia mara tatu: "Mama, tafadhali, msichelewe."

Ijumaa jioni tuliingia kwenye kambi ya magari kando ya ziwa. Nguzo za kuchomekea magari umeme zilikuwepo, ila ofisi ya kuziwasha ilikuwa imefungwa, na mlangoni palikuwa na namba ya simu ya mwenye kambi.

"Saa hizi anapumzika," Reino akasema.

Basi tukalala bila umeme, nje nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Betri ya kule nyuma tunakolala ilikuwa imekufa tangu Oktoba, na bwana huyu, badala ya kwenda kumuuliza fundi, alihamishia feni ya hita kwenye betri ya injini. Feni ikazunguka hadi asubuhi, ikainyonya yote.

Saa mbili akazungusha ufunguo. Tk. Akazungusha tena. Tk.

"Imekufa?" nikauliza.

"Imelala."

Hatua ishirini kutoka kwetu palikuwa na gari-nyumba jingine, limechomekwa umeme vizuri, moshi unatoka juu. La mzee mmoja aitwaye Veijo, tuliyesalimiana naye kwa kichwa jana yake. Dizeli kubwa, betri nzima.

"Si ukamwambie akuboosti kwa betri yake? Ni dakika kumi tu, Reino."

"Mtu yuko kwenye kahawa yake."

"Utajuaje?"

"Saa mbili hii. Kila mtu yuko kwenye kahawa yake."

Akatoka, akafungua boneti, akasimama. Nikadhani ana mpango. Hakuwa na mpango wowote! Alikuwa amesimama tu pale ili aonekane. Akiinama, akiinuka, akigongagonga hiki na kile kwa bisibisi, ndevu zinageuka barafu. Na pazia la Veijo likasogea kidogo, halafu likarudi.

Saa tatu aliingia kupasha vidole moto.

"Amekuona?"

"Ameniona."

"Na?"

"Akitaka kuja atakuja."

"Mzee, mjukuu wako anangoja nguo!"

"Ukienda kugonga utaniaibisha, Tellervo."

Nikavua koti nililokuwa nimeshavaa, nikakaa. Ndiyo, nilikaa. Nawacheka wengine, lakini nami nimezaliwa huku huku, na hatua ishirini zile ziliniwia nzito kama kilomita zake kumi na moja. Nilikaa hapo saa nzima nikijichukia.

Saa nne ikafika. Kutoka pale hadi kanisani ni saa mbili bila kusimama. Nililitoa gauni nikaangalia upindo, pale baada ya jina la Kaisu ambapo kitambaa bado ni cheupe. Nikavaa buti na kutoka. Nilipita mbele ya Reino bila kumtazama, nikagonga kwa ngumi.

Mlango ulifunguka kabla sijagonga mara ya pili. Veijo alikuwa amesimama pale na ovaroli, buti, kofia, glavu, na waya za kuboosti zimening'inia shingoni.

"Baba wewe, umevaa tangu lini?"

"Tangu saa mbili."

"Saa mbili! Na mbona hukutoka?"

"Hakuniita," akasema, akionekana kushangaa kabisa. "Ningemwendea mtu hivi hivi, si angeona namdharau?"

Nilitaka kuwapiga wote wawili kwa waya zile zile.

Akasogeza gari lake. Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye chuma cha injini, na dizeli yake ikaachwa ingurume dakika kumi. Injini yetu ilipokohoa na kushika, Reino akasema, "Samahani kwa usumbufu."

"Wala," Veijo akajibu. "Nilikuwa natoka tu."

Tulifika saa sita na dakika arobaini. Watu wote walikuwa wamekaa kwenye viti, makoti mapajani. Mchungaji alikuwa anaangalia dirishani. Kaisu macho yalikuwa mekundu.

"Mbona leo hukupiga simu, mwanangu?"

"Tulijua baba anaendesha," akasema. "Tukaona tusiwasumbue."

Kanisa zima lilikuwa kimya isipokuwa mtoto. Huyo alikuwa anapiga mayowe ndani ya blanketi, uso umemwiva, anataka maziwa na anayataka sasa hivi. Nikamvalisha gauni huku ananipiga mateke.

Reino akaniinamia sikioni. "Anasumbua watu."

"Mwache," nikamwambia, kwa sauti ambayo kanisa lote lilisikia. "Mwache asumbue."