Kidimbwi cha Mihogo

Nilipokuwa mtoto, huko msituni upande wa Walikale, hakuna aliyeniambia kwamba kisonono hutoka kwa mtu. Nyanya yetu, mama wa baba, aliyebatizwa Katarina, alifundisha kwamba hutoka kwenye maji. Chini ya kijiji palikuwa na kidimbwi ambamo wanawake wote waliloweka mihogo michungu mpaka sumu itoke. Mtu akikojoa humo, alisema, maji yatamrudishia moto. Tiba ilikuwa moja: mwenye kosa asimame ndani ya maji, akiri mbele ya wanawake, kisha mihogo yote itupwe. Hapo ndipo Katarina angempa dawa ya magome.

Kaka yangu mkubwa, Bauma, kwa ubatizo Gaspard, alirudi kutoka mashamba ya kahawa ya Masisi wakati mbuzi wa mahari yake walikuwa wamekwisha kupelekwa.

"Bauma, mbona unatembea sawa bata?" mwanamke mmoja alimwuliza njiani. Wengine wakacheka. Katarina hakucheka.

"Ulikojola mu maji yetu?"

"Ndiyo, Koko," alijibu, maana ndivyo tulivyowaita nyanya na babu. "Ni mie."

Alikubali upesi kuliko nilivyotegemea. Akasimama kidimbwini, wanawake wakimrushia matope. "Tutakula nini sasa, weye mupumbafu? Mukojo yako?" Mama yangu ndiye aliyebeba vikapu vya kwanza kwenda kuvitupa, kichwa chini, nami nikimfuata nyuma, nikitamani ningezaliwa katika ukoo mwingine. Majuma yale tulikula ndizi za kuomba. Lakini maumivu ya Bauma yakatulia, na kijiji kizima kikaona kwamba Katarina alisema kweli. Akaoa.

Mke wake aliitwa Mapendo, binti wa Kibira. Alikuwa wa rika moja na kaka yangu, mwenye utani mwingi. Mimi aliniita "bwana yangu mudogo", kama ilivyo ruhusa kwa shemeji. Kabla ya mwaka kwisha alianza kushika tumbo chini ya kitovu. Homa ikaja, mimba ikatoka. Katarina akampeleka kidimbwini. Wanawake walikuwa wamekwisha kupanga vikapu, kwa hasira, maana njaa ya mara ya kwanza haikuwa imesahaulika.

"Sema," Katarina alimwambia. "Ukisema, utapona."

"Mie sikukojola mule."

"Basi ni nani?"

Mapendo alimtazama Bauma, aliyesimama ukingoni. "Mumuulize ule mwenye nalalaka naye. Ugonjwa yake ilitoka mu maji gani?"

Mama yangu alitazama miguu yake mwenyewe. Wengi wa wanawake wale waume zao waliwahi kufanya kazi mbali, na leo naamini walilielewa swali lile vizuri kabisa. Ndiyo maana liliwaudhi. "Mukaidi," mmoja alisema, nao wakaanza kutupa mihogo. Kabla jua halijashuka Mapendo alikuwa njiani kurudi kwa baba yake, mkeka kichwani. Zahanati ya mapadri ilikuwapo, mwendo wa siku moja. Hakuna aliyemtajia.

Bauma alioa tena. Alipozeeka nilimwuliza kwa nini alikiri kosa ambalo hakulifanya. Hakunificha. "Nilijua ni nani alinipatia ile ugonjwa kule Masisi. Lakini ningesema ni mwanamuke, Kibira angekatala harusi. Maji haina baba wa kukuuliza." Akacheka. Mimi nilitazama pembeni.

Sasa naishi Nyabiondo. Hivi karibuni mjukuu wangu Shukuru, kijana mwenye kazi yake ya pikipiki na mchumba wake Esther, alirudi kutoka kituo cha afya, ambako kuna chumba ambamo muuguzi hupokea vijana peke yao, mlango wake ukiwa upande wa nyuma. Alikaa karibu nami.

"Koko, infirmier anasema nirudi na Esther. Anasema akinitunza mie peke yangu, ni bure."

"Na utarudi naye?"

"Nasikia haya. Nafikiri nimwambie ni choo ya pa soko njo ilinipatia hii ugonjwa."

Shule ya mapadri ilinifundisha kuandika majina bila kosa. Haikunifundisha kutaja mambo yaliyo chini ya mkanda. Hata hivyo nilimweleza habari za Mapendo tangu mwanzo, nikitazama ukuta. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Na ule mama," akauliza, "nyuma ya pale alipona?"

Nilimjibu kwamba sijui. Kijiji cha Kibira kilikuwa ng'ambo ya mto tu, tukisikia hata ngoma zao za harusi, na nyumbani kwetu hakuna hata mmoja aliyekwenda kuuliza.

Shukuru alinyanyuka, akachukua simu yake, akatoka nje kumpigia Esther. Nilisikia akianza, kisha akianza upya. "Ni mie njo nilikuletea," alisema mwishoni.

Nilibaki nimekaa. Maneno yake hayakunipa haya, ingawa katika ujana wangu yangenifukuza nyumbani. Haya iliyonibakia ni ya mto ule ambao hatukuuvuka. Wakati wa kiangazi maji yake hayafiki magotini.